Mtu ninayemwogopa hapa kambini

Rehema mpendwa,

Salamu nyingi, na za mama zimfikie. Mimi mzima, ila mikono imepasuka kwa baridi na mafuta ya ndege.

Ulicheka niliposema mtu ninayemwogopa kuliko wote hapa si afisa. Baba yako, mwanajeshi mstaafu, angeelewa upesi: ni kama RSM, yule sajenti mkuu wa kikosi. Huku Jeshi la Anga la Marekani tunamwita Chifu, kifupi cha Chief Master Sergeant. Amepanda kutoka chini kabisa, na kwa askari wasio maofisa hakuna ngazi nyingine mbele yake. Kisheria luteni aliyeajiriwa juzi ni mkubwa wake, na Chifu ndiye humpigia saluti. Lakini luteni mwenye akili humuuliza Chifu kabla hajaamua lolote.

Kazi yake ni kumfikishia kamanda yale ambayo sisi tungeyasemea pembeni. Majuzi aliingia kwenye hanga, banda la ndege, saa nane usiku, peke yake. Hakuuliza habari za injini. Alimuuliza kijana aliyekuwa chini ya bawa, "Umekula saa ngapi?" Kijana akababaika. Wiki hiyohiyo jiko likaanza kufunguliwa usiku.

Jeshi la Anga la Marekani lilichelewa kumweka mtu wa namna hiyo makao makuu. Wakubwa walihofia askari wataruka ngazi za amri, mpaka mwaka 1967 alipoteuliwa Paul Airey. Huyo ndege yake ilitunguliwa mwaka 1944, akawa mfungwa wa Wajerumani. Mimi namheshimu zaidi kwa suala la vyeo. Zamani ukikosa cheo hukujua sababu. Yeye alishiriki kujenga mfumo wa alama ulioanza mwaka 1970, na mpaka leo tunautumia. Mwaka huu nimekosa, lakini karatasi imenionyesha kila kitu: mtihani, tathmini, medali. Mtihani ndio ulioniangusha, basi vitabu viko mezani.

Na usidhani ni kazi ya wanaume tu. Mwaka 2020 kiti hicho cha juu alikikalia JoAnne Bass, mwanamke wa kwanza kufikia hapo katika jeshi lolote la Marekani. Wasichana wa hanga letu wanamtaja kama shangazi yao.

Muulize baba: RSM wake alikuwa mkali wa kelele, au wale wanaokutazama tu ukajirekebisha? Chifu wetu ni wa kutazama. Niandikie upesi.

Wako,
Mwanaidi