Vibali vya maghorofa vipimwe pia kutokea kwenye pantoni

Mhariri,

Anayevuka kwa pantoni kutoka Kigamboni kwenda Kivukoni anapata dakika chache za kuiona Dar es Salaam nzima bila kitu kumzuia. Anaona soko la samaki la Feri, paa la vigae vyekundu la kanisa la Azania Front na mnara wake, mnara wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lililokamilika mwaka 1902, kisha maghorofa ya upande wa Barabara ya Sokoine, yakiwemo majengo pacha tuliyozoea kuyaita ya PSPF na lile la Bandari, yote yenye zaidi ya ghorofa 30. Ombi langu ni hili: Halmashauri ya Jiji isitoe kibali cha jengo refu katika ukanda huu mpaka mwombaji aonyeshe, kwa vipimo, jengo lake litakavyoonekana kutokea majini.

Sipingi maghorofa. Ardhi ya katikati ya mji haiongezeki, na kwa vijana wengi yale majengo pacha ndiyo sura ya Dar wanayoifahamu. Ninachopinga ni kuacha nafasi ya jengo katika mandhari iamuliwe na bahati, wakati hesabu yake ni ya kidato cha pili.

Tuchukue mfano. Macho ya abiria kwenye pantoni yapo kama mita 3 juu ya maji. Mbele yake, umbali wa mita 600, kuna mnara wa kanisa ambao ncha yake ipo mita 33 juu ya usawa wa bahari. Mstari kutoka machoni mwake hadi kwenye ncha hiyo unapanda mita 30 ndani ya mita 600, yaani sentimita 5 kwa kila mita. Sasa mtu anataka kujenga mita 150 nyuma ya kanisa. Mstari ukifika pale utakuwa mita 40.5 juu ya bahari. Kama kiwanja chenyewe kipo mita 8 juu ya bahari, jengo lina mita 32.5 za kupanda bila kuchungulia juu ya mnara. Toa mita 4 za chumba cha mashine ya lifti na matangi ya maji, gawanya kwa mita 3.8 ambazo ni kimo cha kawaida cha ghorofa ya ofisi, unabaki na ghorofa 7. Lipeleke jengo hilohilo mita 450 nyuma ya kanisa na unapata ghorofa 11. Ukisimamisha jengo la mita 150 pale pa kwanza, abiria ataliona likiwa na kimo mara nne ya mnara.

Hapa watu huogopa kwamba mji mzima utafungiwa kwenye ghorofa 7. Sivyo. Ukanda unaohitaji kulindwa ni mwembamba. Ikiwa mnara una upana wa mita 6 na tunataka uachiwe anga mara tatu ya upana wake kila upande, tunazungumzia mita 42 pale kanisani, na kama mita 52 kwenye kiwanja cha nyuma. Nje ya hapo jengo lipande hadi mwenye nalo atakapochoka. Mara nyingi dawa yake ni kulisogeza jengo mita 20 au 30 ndani ya kiwanja kilekile, kuweka sehemu fupi ya maegesho na maduka katikati ya mstari, na sehemu ndefu pembeni. Mabadiliko hayo ni mepesi kama msanifu ameambiwa siku ya kwanza. Akishachora msingi na nguzo, kila mita moja ya kusogeza ni vita.

Pantoni nayo haisimami, na hili ndilo linalowapa tabu wengi. Abiria akisogea mita 100 pembeni, ile sehemu ya nyuma inayokaa sawasawa na mnara huhama mita 25 katika mfano wetu. Hatuwezi kulinda kila hatua ya safari, na tukijaribu tutakuwa tumepiga marufuku maghorofa kwa mlango wa nyuma. Zichaguliwe sehemu mbili au tatu tu ambako watu wengi husimama na kutazama, kama eneo la kusubiria pantoni upande wa Kigamboni, katikati ya mkondo, na kandokando ya maji pale Kivukoni.

Wakati wa kutazama una uzito kuliko inavyodhaniwa. Asubuhi jua liko nyuma ya mtu wa Kigamboni, linamulika mji usoni, na vigae vyekundu vinatengana vizuri hata na ukuta wa kioo ulio nyuma yake. Jioni jua linazama nyuma ya mji. Kila kitu kinageuka kivuli cheusi, rangi zinapotea, kinabaki kingo tu. Mnara wenye jengo refu nyuma yake hauonekani tena kama mnara. Weusi wake na weusi wa jengo vinaungana. Kwa hiyo jengo linaloonekana halina madhara kwenye picha ya saa tatu asubuhi linaweza kulifuta kanisa lote saa kumi na mbili jioni. Picha za maombi zitakiwe za nyakati zote mbili.

Na hizo picha zenyewe ndimo udanganyifu unamopita, hata pasipo nia mbaya. Simu zetu zina lenzi pana. Huingiza eneo kubwa na kuvisukuma mbali vitu vya nyuma, hivyo jengo la mita 120 huonekana kama kibanda. Kwa kazi hii itumike kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35, na lenzi ya milimita 50, juu ya stendi ya miguu mitatu, ikiwa imelazwa sawa kwa pima maji, kwa kimo cha mita 1.6 kutoka pale mtu anaposimama. Eneo la stendi lipimwe koodineti. Kisha mpima ardhi apime alama tano au sita zinazoonekana kwenye picha, mathalani msalaba wa kanisa, pembe ya paa, vichwa vya nguzo za taa. Alama hizo ndizo zinazoifunga michoro ya kompyuta kwenye picha. Bila hizo, jengo linaelea: mchoraji akilishusha kidogo tu amekwisha kuficha ghorofa tatu na hakuna wa kumbishia. Picha ya kutoka angani kwa droni, ile inayopendwa kwenye mabango ya matangazo, isihesabiwe kabisa, kwa sababu hakuna mwananchi anayeutazama mji akiwa pale juu.

Wapo wanaopendekeza puto lenye kamba ya urefu wa jengo. Ni njia rahisi na wananchi huielewa, ila upepo wa bahari huiharibu. Kamba ya mita 100 ikiinama nyuzi 20, puto linakuwa mita 94 juu na limehama mita 34 pembeni. Lirushwe alfajiri kukiwa kumetulia, na msimu wa kusi liachwe.

Jambo jingine ni kwamba mandhari ya kutoka mbali huharibika kabla ya ile ya karibu. Zanzibar inafaa kwa mfano. Mji Mkongwe, uliomo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, humpokea msafiri wa boti kwa safu ya majumba ya pwani, na nyuma yake kuchomoza Minara Miwili, yaani ile ya kanisa kuu la Katoliki. Tukiacha kimo cha macho ya msafiri, boti ikiwa kilomita 1 kutoka ufukweni, nyumba ya pwani yenye mita 20 inaweza kuficha jengo la mita 44 lililopo kilomita 1.2 ndani, huko Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe. Boti ikisogea hadi mita 300, nyumba ileile inaficha jengo la mita 100. Mkaguzi akisimama gatini na kusema haoni kitu nyuma ya mapaa, amesema kweli, lakini msafiri aliye mbali ameshaliona. Kinga ya eneo la urithi isiishie kwenye mpaka wa eneo lenyewe.

London waliligundua hilo kwa gharama. Tangu miaka ya 1930 wana utaratibu wa kuzuia majengo yasizibe kuba la kanisa la St Paul's, na moja ya mandhari wanayoilinda ni ya kutoka kilima cha King Henry's Mound kilichoko Richmond, zaidi ya kilomita 16 kutoka kanisani. Mbele ya kanisa palilindwa. Lakini mbali kwa nyuma, huko Stratford, kulipanda jengo la ghorofa 42, na watu walipokuja kushtuka mwaka 2016 lilikuwa limeshachomoza nyuma ya kuba. Liverpool iliondolewa kabisa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2021, sababu mojawapo ikiwa ujenzi wa eneo la bandari yake. Vancouver, nchini Kanada, wamelinda njia za macho kuelekea milimani tangu mwaka 1989, na mwaka 2024 wakalegeza baadhi ili nyumba zaidi zijengwe. Huo ndio ukomavu ninaoutaka hapa: kanuni iliyoandikwa, inayoweza kupunguzwa mchana kweupe na watu wakiona.

Nasi hatuanzi na mikono mitupu. Mwenye kujenga jengo refu hupeleka kimo chake Mamlaka ya Usafiri wa Anga ili lisiingilie njia za ndege. Hesabu ya ndege na hesabu ya macho ni ndugu: zote huchora dari isiyoonekana juu ya mji na kuuliza nani anaitoboa. Wataalamu tunao, na vifaa vya kupimia tunavyo.

Kinachotuangusha zaidi ni namna kimo kinavyoandikwa. Kibali kikisema "ghorofa 10" hakijasema kitu. Ghorofa 10 za makazi zinaweza kuwa mita 30, za ofisi zikafika 40, na juu yake ukaongezwa ukuta wa paa, simtanki, mnara wa mawasiliano na bango la matangazo. Kibali kitaje mita juu ya usawa wa wastani wa bahari, kikihesabu kitu cha juu kabisa kitakachosimama pale, antena ikiwemo. Halafu kuwe na daftari la wazi la majengo yaliyopewa kibali lakini hayajaanza, na kila mwombaji mpya ayaingize kwenye mchoro wake. Bila daftari hilo kila mmoja husema jengo lake ni moja tu kati ya mengi, na mwenye kiwanja cha jirani husema kwamba mandhari imeshaharibika hivyo hakuna cha kulinda.

Usimamizi wa kimo una uzito kuliko uzuri wa mji. Jengo la Mtaa wa Indira Gandhi lililoanguka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36 lilikuwa limepandishwa kupita ghorofa za kibali. Mpima ardhi asiye mwajiriwa wa mjenzi apime kimo mara tatu: msingi unapokamilika, jengo linapofika nusu, na kabla zege la paa la mwisho halijamwagwa. Vipimo vya kila hatua vibandikwe kwenye bango la mradi, palepale kwenye uzio wa mabati, chini ya namba ya kibali, na zege la hatua inayofuata lisimwagwe mpaka vimebandikwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpima ardhi,
Ilala, Dar es Salaam