Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mashine za kupumulia bila vipimo hazitoshi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa muuguzi wa wagonjwa mahututi. Kila bajeti inaposomwa tunasikia idadi ya mashine za kupumulia zitakazonunuliwa, nasi wa wodini tunafurahi kwa dhati. Ombi langu linahusu kinachofanyika mashine ikishawashwa.

Kifua huvuta hewa, mashine huisukuma. Mapafu yaliyojaa nimonia huwa na sehemu nyingi zilizoziba, kwa hiyo hewa yote hukimbilia pale padogo palipobaki wazi na kupatanua kupita kiasi. Jambo hili lilionekana maabara zamani. Mwaka 1974 watafiti Webb na Tierney waliwapumulisha panya wenye mapafu mazima kwa shinikizo la sentimita 45 za maji, kizio tunachopimia shinikizo la hewa. Mapafu yakajaa maji, panya wakafa ndani ya saa moja. Mwaka 1988 Dreyfuss na wenzake wakawafunga panya vifua visitanuke, wakasukuma hewa kwa shinikizo kubwa vilevile, na mapafu hayakujaa maji. Kumbe kinachoumiza ni kule kutanuliwa.

Wagonjwa walisubiri hadi mwaka 2000, pale utafiti wa Marekani wenye wagonjwa 861 ulipotoa jibu. Waliopewa pumzi za mililita 12 kwa kilo walifariki asilimia 39.8, waliopewa mililita 6 walifariki asilimia 31. Hakukuwa na dawa mpya hapo. Pumzi zilipunguzwa, basi.

Ila kilo hizo hazitoki kwenye mizani. Zinakokotolewa kutokana na urefu na jinsia, maana mtu akinenepa mapafu yake hayakui. Mwanamke wa sentimita 155 huhesabiwa kilo 48 hivi, na pumzi yake ni kama mililita 290. Akiwa na uzito wa kilo 90 na mtu akatumia mizani, atasukumiwa mililita 540, karibu mara mbili. Kinachomwepusha na hilo ni utepe wa kupimia na mtu wa kuunyoosha kando ya kitanda kabla mashine haijapangwa.

Kipimo cha pili kinahitaji kidole tu. Mgonjwa akiwa ametulia, hashindani na mashine, unabonyeza kitufe cha kusimamisha hewa mwisho wa pumzi kwa nusu sekunde. Mstari wa shinikizo kwenye skrini unashuka, tuseme kutoka sentimita 36 za maji, halafu unatulia kwenye 27. Hiyo 27 ndiyo inayobebwa na vifuko vya hewa, na tunataka isivuke 30. Tofauti ya 9 imeliwa na njia ya hewa. Tofauti ikipanda, natafuta makohozi au mrija uliokunjika. Ikipanda ile namba iliyotulia, mapafu yenyewe yamekuwa magumu, au hewa imevujia kifuani, na daktari anahitajika sasa hivi. Asiyepima huona shinikizo limepanda tu, na anaweza kuhangaika na mrija wakati pafu limesinyaa.

Utafiti uliotolewa mwaka 2016, uliohusisha nchi 50, ulikuta kwamba kati ya wagonjwa wenye mapafu yaliyoshindwa ghafla, kipimo hicho kilichukuliwa kwa takriban asilimia 40 tu. Kwangu hili linauma, kwa sababu kitufe kipo na hakilipiwi.

Naomba uagize fomu ya kila mgonjwa aliye kwenye mashine iwe na nafasi ya urefu wake na ya shinikizo lililotulia, ijazwe kila zamu. Kila mkataba wa ununuzi ubebe fedha za kuwafundisha wauguzi na za kuhakiki vihisio vya shinikizo, kwani kihisio kilichopotoka hutoa namba ya uongo. Na maabara za fiziolojia, zinazochunguza jinsi mwili unavyofanya kazi, zisiwe za kwanza kukatwa bajeti inapobana. Utaratibu wa mililita 6 ulianzia huko, kwa panya.

Niko tayari kuja na rasimu ya fomu hiyo, pamoja na wenzangu wanaoijaza usiku, siku yoyote utakayotupangia.

Wako mtiifu,
Muuguzi wa wagonjwa mahututi