Mtuulize tunachompa mgonjwa, msitufokee

Mhariri, habari za kazi. Nimesoma makala yenu ya kuwaponda wauza dawa za miti, na kwakweli matapeli wapo tena wengi, mi mwenyewe wamenila hela, ila kuna kitu mmekiruka na naandika kwa sababu nimeuguza mwaka mzima hapa Tanga.

Mamdogo wangu alikuwa na saratani ya titi. Tulikopelekwa Dar walituambia imeshasambaa, tukarudishwa nyumbani tuanze huduma shufaa, yaani sio ya kumponya, ni ya kumtoa maumivu aishi siku zake kama mtu. Akapewa mofini ya maji, anakunywa kila baada ya masaa 4, usiku akienda kulala dozi moja iliyo mara mbili ya ile ya mchana ili alale, na dawa ya kulainisha choo maana mofini inafunga choo.

Basi nyumba ikajaa washauri. Shangazi kaleta kombe, yale maji ya kuoshea aya za Kurani zilizoandikwa, jirani habasoda, mjomba kaja na unga wa mizizi kwenye kifuko cha nailoni, mzizi gani hakuna anayejua, na bibi mchuaji wa mtaani akaitwa. Ule unga kumbe ni wa kuharisha, na hospitali walishampa cha kulainisha, akaharisha siku mbili mpaka kusimama hawezi. Kliniki wakatuuliza mmempa nini, tukajibu hatujampa kitu. Uongo mtupu! Ila tulidanganya kwa sababu safari ya nyuma daktari aliona chupa ya kombe kwenye mkoba akatufokea mbele za watu, eti watu wa Tanga na uchawi wenu. Sasa nani aseme tena?

Na mwenye mizizi yake akatuambia dawa yake haichanganywi na mofini, eti mofini ni madawa ya kulevya, anapewa anayekufa. Tukaiacha mofini siku mbili. Mamdogo aling'ata khanga ili watoto wasimsikie.

Aliyetuokoa ni nesi mmoja mtu mzima, alikuja mpaka nyumbani, akakaa mkekani akanywa na chai, alafu akauliza kama anapiga stori, "haya na mganga kawapa nini, maana mi bibi yangu mwenyewe alikuwa mganga." Yote yakatoka. Unga ukatupwa, mofini ikarudi siku ileile. Kombe akasema anywe tu kama anataka, ila maji yachemshwe. Bibi mchuaji hakufukuzwa, alionyeshwa, kwamba asichue kwa nguvu, titi asiliguse kabisa wala ule mkono uliovimba asiukande, apake mafuta ya nazi taratibu kwa kiganja tu, miguu na mgongo. Mamdogo alikuwa anasinzia bibi hata hajamaliza mguu wa pili.

Tena kidonda kilikuwa kinanuka, nisifiche. Sisi tukawa tunachoma udi chumba kizima, yeye moshi unamkaba na kichefuchefu juu, ila tulidhani tunamsaidia. Nesi akatufundisha kusaga vidonge vya Flagyl na kunyunyiza kidondani, baada ya siku chache harufu ikapungua sana, udi tukautoa, akaomba awekewe asumini kwenye mto. Huko Uingereza kwenye hospisi, yaani nyumba za huduma shufaa, wana watu kabisa wa kuchua na mafuta ya kunukia na muziki, kama nyongeza ya mofini sio badala yake, huku kwetu bibi na asumini yake tunaita ushamba.

Na sio kitu kigeni. Cicely Saunders, nesi aliyekuja kuwa daktari akafungua hospisi ya St Christopher's kule London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa sio ya mwili tu, kuna ya moyo, ya familia na ya roho, kwahiyo hata dua ni sehemu ya huduma. Hapahapa Tanga miaka ya 1990 watu wa hospitali walikaa meza moja na waganga wa asili kwa ajili ya wagonjwa wa ukimwi, ndo hao Tanga AIDS Working Group, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala tunayo tangu 2002. Sasa kama iliwezekana kwenye ukimwi, kwenye saratani inashindikana nini?

Ninachoomba ni kidogo. Kwenye kila kadi ya mgonjwa wa shufaa uwepo mstari wa kuandika anatumia nini kingine nyumbani, na anayeuliza aulize kwa sauti ya yule nesi. Na nyie mhariri mkiandika tena kuhusu matapeli mtenganishe, anayesema acha mofini ni mmoja na anayepaka mafuta miguuni ni mwingine.

Bibi mchuaji bado yupo. Juzi nimemuuliza akiitwa na manesi wamfundishe vizuri zaidi atakwenda, kanijibu atakwenda, ila nauli watoe wao.

Muuguzaji, Ngamiani, Tanga