Pikapu ya bodi moja si lori dogo

Mhariri,

Makala yenu kuhusu magari ya kale yaliiweka pikapu ya Kijapani, Datsun 1200, fungu moja na malori madogo ya Kimarekani. Twaomba nafasi tusahihishe, kwani kosa hilohilo ndilo linaloyaua magari haya kwenye gereji za Mombasa.

Pikapu yenye sanduku la mzigo lililofungwa kwa bolti nyuma ya kabini ni ya Wamarekani kweli. Ford waliiuza hivyo kutoka kiwandani tangu 1925. Datsun hii ina ukoo mwingine, na sura yake ni ya Australia. Inasimuliwa huko kwamba mwaka 1932 mke wa mkulima wa Gippsland, eneo la mashamba katika jimbo la Victoria, aliwaandikia Ford akitaka gari moja la kwendea kanisani Jumapili na la kupelekea nguruwe sokoni Jumatatu. Kazi akapewa Lew Bandt, mchoraji kijana wa kiwanda cha Geelong. Alichukua kabini ya gari la abiria, vioo vya madirisha na vyote, akaurefusha ubavu wake hadi nyuma bila kiungo, ukawa ndio ukuta wa mzigo. Lilitoka 1934, likibeba kama kilo 545. Waaustralia huliita «ute». Holden walitoa lao 1951, na Chevrolet El Camino ya Marekani, yenye umbo hilohilo, haikuonekana hadi 1959.

Gari la Bandt lilikuwa bado na fremu chini, yaani chasisi ya chuma inayobeba bodi. Datsun haina. Sakafu, maboksi ya chini ya milango, ukuta wa nyuma ya kabini na mbavu ndizo fremu yenyewe. Ukikata kimoja, umekata mfupa.

Sasa tazama linavyotumikishwa hapa kwetu. Mchuuzi wa samaki hupakia masanduku ya barafu, maji ya chumvi yakachuruzika sakafuni. Kila dereva akikanyaga breki, maji yanakimbilia mbele na kutuama kwenye mshono wa sakafu na kabini. Kutu huanzia hapo, kwa ndani, huku rangi ya nje ikiwa bado yang'aa. Gonga na kitako cha bisibisi: bati zima hulia, fila (uji mzito wa kuziba mabonde ya bati, unaokauka ukawa mgumu) hutoa mlio mfu. Fila ni ya kulainisha tu, isizidi milimita 3. Iliyojazwa juu ya tundu la kutu hunyonya unyevu, na mvua za masika zikiisha imeshabambuka.

Dawa ni kukata hadi ufikie bati safi, kisha kutia kiraka cha milimita 1. Usikichomelee kwa mashine ya vijiti, itatoboa. Gesi nayo hupinda bati kwa joto. Tumia mashine ya waya wa milimita 0.6 au 0.8, uchome nukta mojamoja huku ukiruka upande huu na ule, bati lipoe. Kabla ya hayo, toa tangi la petroli na ufungue waya za betri.

Kosa la pili ni kuongeza vipande vya springi za nyuma ili gari libebe tani. Limeundwa kwa nusu tani. Springi hazitavunjika, bali mzigo utahamia pale zinaposhikwa na bodi. Dalili ya kwanza ni mlango kuanza kugoma kufunga, kisha ufa mwembamba nyuma ya mlango, kwenye kona. Ukiuona ufa huo, usiupake rangi. Pakua mzigo, kagua vishikio vya springi.

Wanaoligeuza kuwa gari la kusambazia mikate ndio hutuumiza roho zaidi, maana ili kuunganisha kabini na sehemu ya mzigo chini ya paa moja refu, huung'oa ukuta wa nyuma ya kabini kwa grinda, gari likiwa limeinuliwa kwa jeki moja katikati. Bodi inajikunja papo hapo. Gari likae juu ya magurudumu yake manne, tupu. Chomelea kwa muda bomba la mraba la milimita 25 kukingama kila nafasi ya mlango. Ukishakata, zungushia uwazi wote pete ya bomba kabla ya kuondoa mihimili ile. Dirisha la ubavuni lisiwe na kona kali, kwani ufa huanzia konani. Ipe kila kona mviringo wa sentimita 5.

Vijana wa Australia miaka ya 1970 walizipamba mno van za Holden Sandman, zulia na godoro ndani, michoro ubavuni kama matatu zetu, mbao za kuteleza mawimbini juu ya paa. Lakini hizo zilitoka kiwandani zikiwa na paa refu tayari. Walipaka na kutandika; mifupa hawakuigusa.

Ford walifunga viwanda vyao vya magari huko 2016, Holden 2017. Zilizobaki pwani yetu hazina mbadala. Mwenye kubeba samaki na atoboe matundu mawili ya milimita 12 kwenye pembe za mbele za sakafu, ayapake praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) kingo zake, na kila jioni amwage ndoo mbili za maji yasiyo na chumvi, mbele kwanza, hadi yanayotoka chini yasiwe na ladha ya chumvi.

Mafundi wa bodi,
Changamwe, Mombasa