Barua ya wazi kwa waziri mwenye dhamana ya umeme: Rufiji haijafika Kivule

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Kivule, Dar es Salaam. Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama mimi ndiye niliyekuzidi, basi ya kwangu nitaidai siku ukipita huku.

Mimi ni fundi friji. Kibanda changu kiko kando ya barabara, na mgeni akikiona anaweza kudhani ni makaburi ya friji: mengine yamesimama, mengine yamelala kifudifudi, mengine milango ilishang'olewa siku nyingi. Wiki iliyopita dada mmoja anayeuza barafu na juisi ya ukwaju aliniletea friza lake kwenye guta. Nikalifungua nyuma, nikapima waya za kompresa. Zimeungua. Hata kabla ya kupima nilishajua, maana harufu ile, kama sukari iliyosahauliwa jikoni, naikuta karibu kila wiki. Akaniuliza, "Fundi, si nimelinunua juzi tu, mwezi wa tatu?" Nikamwambia friza halina kosa wala yeye hana kosa. Limekufa kwa njaa.

Watu wengi wanadhani umeme mkubwa ndio unaoua vyombo. Mkubwa unaua, tena kwa kishindo. Lakini huku kwetu muuaji ni umeme mdogo, naye anaua polepole. Balbu ukiipa umeme mdogo inafifia tu, yaishe. Kompresa haikubali hivyo. Inataka kuanza, inashindwa, inang'ang'ania, inavuta mkondo mkubwa, inapata moto, kinga yake inakata. Ikipoa kidogo inajaribu tena. Ikicheza mchezo huo usiku kucha kwa miezi michache, unaletewa mzigo kwenye guta.

Basi nikaanza kupima na kuandika. Nina daftari la shule, lile la kurasa 96. Nakunukulia Jumanne moja tu, nyumbani kwangu: saa kumi jioni volti 214, saa moja usiku 181, saa mbili usiku 158. Saa mbili hiyo hiyo mwanangu alikuwa kwa mwenye duka aliyeko chini ya transfoma, ana mita yangu ya pili, akanipigia simu: 226. Kati ya duka lile na mlango wangu kuna nguzo kumi na nne.

Mheshimiwa, hizo volti 158 si kwamba tumepungukiwa theluthi moja ya umeme. Kifaa cha kupasha moto kilichotengenezwa kwa volti 230, ukikipa 158, kinatoa chini ya nusu ya joto lake. Uji wa mtoto uliopaswa kuchemka kwa dakika kumi unachukua zaidi ya ishirini. Mwenye uwezo ananunua stabilaiza. Ila stabilaiza haitengenezi umeme. Inapandisha volti za mwenyewe kwa kuvuta mkondo zaidi kwenye waya ule ule, na jirani wa mbele anazidi kushuka. Mtaani kwetu tunanyang'anyana hivyo kila jioni, huku tukisalimiana vizuri tu.

Sisemi hakuna kilichofanyika, ningekuwa mwongo. Mwishoni mwa 2023 tulikuwa kwenye mgao, na kila mtu alijua zamu ya mtaa wake. Leo Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Laini ya kilovolti 400 inautoa umeme huo bwawani hadi Chalinze. Mtambo wa kwanza ulipoanza kuzalisha Februari 2024, watoto wa mtaani walishangilia kama wanavyoshangilia umeme ukirudi. Nami nilishangilia, fundi friji mzima. Nilidhani hata biashara yangu ingepungua, na nilikuwa tayari ipungue.

Haikupungua. Kisima kimejaa, kata tunayochotea ndiyo imetoboka.

Nilipohamia hapa mwaka 2009, upande wetu ulikuwa na nyumba kumi na moja na mashamba ya mihogo. Transfoma iliyofungwa ilikuwa ya KVA 100, na kwa nyumba kumi na moja ilikuwa ya kifahari. Ipo mpaka leo, ile ile. Nyumba sasa sizihesabu tena, maana kila kiwanja kina safu ya vyumba vya kupanga, na nyuma ya safu kuna safu nyingine. KVA 100, ukipiga hesabu ya haraka haraka, ni pasi mia moja zikiwashwa kwa pamoja, basi, imekwisha. Hapo hujaweka friji, pampu ya kisima, mashine ya kuchomelea geti wala kiyoyozi cha mwalimu mkuu. Sensa ya 2012 ilikuta Dar es Salaam ina watu 4,364,541. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Hao milioni moja na zaidi hawakwenda kukaa Posta. Wengi wamekuja huku pembezoni, kwenye nguzo za mwisho wa laini.

Na sasa tunahimizwa kupikia umeme. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Mimi naunga mkono. Mama yangu alipoteza macho yake taratibu kwenye moshi wa jiko la mafiga. Lakini jiko la umeme la presha linakula karibu kilowati moja, na watu hawapiki kwa zamu. Wanapika jioni, saa ile ile ninayoandika 158. Aliyepanga majiko na aliyepanga transfoma wamewahi kukaa meza moja? Halafu kuna bei: mteja mdogo analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na inayozidi hapo ni shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Mama akihamia jiko la umeme, uniti 75 zinaweza kumwishia kabla ya mwezi kufika mwisho. Hilo ni la barua nyingine, nimelitaja tu.

Langu hasa ni hili. Kwenye mipango mikubwa ya umeme nasikia megawati, nasikia kilovolti, nasikia vituo vya kupoza umeme. Sisikii nguzo ya mwisho. Kazi ya kuboresha mtandao wa jiji ipangwe ikianzia huko, kwenye transfoma moja moja, na kila transfoma ifungwe mita.

Usiniambie haiwezekani. Mita yangu ya Luku ina namba yake, na namba hiyo inafahamika mpaka kodi ya jengo inakatwa humo tangu 2021. Kabla ya tarehe 24 Novemba 2024 kila mwenye Luku nchini alitakiwa kuingiza tarakimu 60, makundi matatu ya ishirini ishirini, ili mita yake iendelee kupokea umeme. Nilimsaidia bibi mmoja jirani yangu, yeye akisoma, mimi nikibonyeza. Tulikosea mara mbili na akanituhumu kwamba sina shule. Lakini zoezi lilipita. Nchi iliyoweza kufika kwenye mita ya bibi yule inashindwaje kujua transfoma inayomlisha imebeba mzigo gani saa mbili usiku?

Mita ikiwepo, mtajua ipi imezidiwa kabla haijalipuka. Mtajua umeme ulioingia na uliolipiwa, kwa hiyo mtaona ni upi unapotelea kwenye waya na ni upi unaibwa. Mtajua fezi ipi imeelemewa, yaani ipi kati ya nyaya tatu zinazoleta umeme mtaani, maana mara nyingi fezi mbili zimepumzika na ya tatu imebeba mtaa mzima, kwa sababu kila aliyekuja kuunganisha nyumba mpya alishika waya ulio karibu na ngazi yake. Mwaka juzi nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, ilikatika kwenye nguzo iliyo mbele ya msikiti, volti zikapanda kwa wengine, televisheni tisa zikaungua kabla ya swala ya isha. Walikuja, wakafunga, wakaondoka. Kiungo walichofunga bado kinaning'inia pale, na sijui kama kuna mtu aliandika popote kwamba kipo.

Dawa yenyewe mafundi wenu wanaijua kuliko mimi. Umeme ule ule ukisafiri kwa volti 11,000 badala ya 400 unahitaji mkondo mdogo zaidi ya mara 27, na kinachopotea njiani kinapungua sana. Kwa hiyo laini kubwa isogezwe ndani ya mitaa, na badala ya transfoma moja inayohudumia nguzo kumi na nne ziwe tatu ndogo, kila moja karibu na watu wake. Haina utepe wa kukata, najua. Hakuna kiongozi atakayepigwa picha na transfoma ya Kivule. Lakini treni ya umeme inayotoka hapa kwenda Dodoma ilijengewa laini yake yenyewe, kwa sababu aliyeipanga alijua kabisa itakula kiasi gani. Mtaa nao unaweza kupangiwa hivyo.

Na mpango ukishakuwepo, ubandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, pale panapobandikwa matangazo ya chanjo na viwanja. Transfoma ya nani, mwaka gani. Kama zamu yetu ni 2029, tuandikiwe 2029. Yule dada wa barafu ataamua kama anunue friza jingine au arudi kwenye maandazi.

Daftari langu ninalo, na yeyote utakayemtuma atalikuta kibandani. Ombi langu moja tu kwa msafara huo: wasije saa nne asubuhi. Saa nne watu wako kazini, volti ni 220, na sisi wote tutaonekana wazushi. Waje saa mbili usiku, na waanzie kupima nguzo ya kumi na nne.

Wako,
Fundi friji, Kivule