Mifereji ya Mwea si ya kuloweka miguu

Mhariri,

Ni miaka mingi nalisoma gazeti lenu na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Makala yenu ya mapumziko ya wikendi Mwea, kule kwenye mashamba ya mpunga ya Kirinyaga, ndiyo imenitoa kimya. Mnaikumbuka: ile ya picha ya vijana wa Nairobi wameketi ukingoni mwa mfereji, suruali zimekunjwa, miguu majini, na mwandishi akituhimiza nasi twende tukaondoe uchovu wa jiji.

Mifereji ile ina konokono wanaoeneza kichocho, mhariri, na minyoo yake huingia mwilini kupitia ngozi iliyo majini. Muulizeni mtoto yeyote wa Kimbimbi. Mjukuu wangu, mtoto wa Umoja, alikwenda na wenzake wakafanya vilevile kama kwenye picha yenu. Majuma yakapita, tumbo likaanza kumkata, akienda haja kubwa ni damu. Kliniki moja ya mtaani ikasema ni homa ya matumbo. Akapewa dawa, zikaisha, akapewa nyingine, pesa zinakwenda na damu haikomi, hadi daktari mmoja mama mtu mzima alipomuuliza, "Wewe ulikanyaga maji ya wapi?" Choo kikapimwa, mayai ya kichocho yakaonekana, akameza prazikwanteli, dawa ya kichocho, akapona.

Halafu hayo "majengo ya kale ya kuvutia" na mifereji "iliyoachwa na Waingereza". Waingereza gani walishika jembe? Mifereji ya kwanza ya Mwea ilichimbwa miaka ya 1950 na watu waliotiwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopambana na Mau Mau. Thiba, Gathigiriri, Kandongu, Karaba, hayo majina mliyoyapanga kama vituo vya matembezi, yalikuwa makambi. Mwaka 1957 afisa Terence Gavaghan ndiye aliyekabidhiwa makambi ya Mwea, na mahabusu walipokewa kwa kipigo mpaka wakiri kiapo cha Mau Mau. Uingereza yenyewe mwaka 2013 ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,000 walioteswa enzi hizo. Bunge la London linajua, gazeti la Nairobi linatafuta mahali pazuri pa kupigia picha! Kurasa mbili nzima, na neno "kizuizini" halimo hata mara moja, ila bei ya samaki wa kukaanga imo.

Na kwa kuwa mlifika mpaka huko, mbona hamkuuliza habari za pishori, ule mchele wa Mwea wenye harufu nzuri? Ninayouziwa mtaani kwangu kwa jina la Mwea haina harufu kabisa, sijui imechanganywa na mchele wa nchi gani, na bei ni ileile ya pishori. Hilo lingetufaa kuliko machweo.

Basi mrudisheni mwandishi wenu Mwea. Avae gambuti za kufika magotini, apewe jembe, achimbe mita kumi za mfereji kuanzia saa mbili asubuhi, ndipo aandike tena kuhusu mapumziko. Akirudi aniletee kilo tano za pishori, azinunue palepale mashineni Wang'uru, asinunue kando ya barabara. Nitamlipa.

Bibi wa Umoja,
Nairobi