Barua ya Kufunga Muhula: Akina Baba, Ingieni Ndani ya Geti

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Muhula umekwisha na kila mtoto amekabidhiwa ripoti yake leo. Isomeni pamoja naye kabla ya kumuuliza kawa wa ngapi.

Mengine haya nawaandikia zaidi akina baba.

Baada ya kikao cha wazazi nilibaki na karatasi ya mahudhurio. Saini za akina baba nilizihesabu kwa vidole, na vidole vikabaki. Si kwamba hamfiki shuleni. Asubuhi nawaona getini: pikipiki haizimwi, mtoto anashuka, baba keshageuza. Salamu yangu huishia kwenye vumbi.

Lawama nyingine ni yetu. Mtoto akiugua, tunampigia mama. Akifanya vizuri, tunamwambia mama. Baba tunamkumbuka kioo kikivunjika au madawati yakitaka misumari. Mtu anayeitwa kwa kesi tu ataipendaje shule? Kuanzia muhula ujao tutachukua namba mbili za simu kwa kila mtoto, na ujumbe utakwenda kote kuwili. Kikao cha kwanza tumekihamishia Jumamosi.

Muhula huu baba mmoja alimfuata bintiye mapema, akakuta darasa la pili lina kipindi cha kusoma. Mwalimu akampa kitabu. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Neno moja likamshinda, akalirudia mara tatu. Darasa kimya. Binti yake, ambaye huwa anasoma kwa kunong'ona, kesho yake alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Wiki iliyofuata alirudia kunong'ona, sitawadanganya. Ila mwalimu wake sasa anajua sauti ipo.

Likizo hii naomba dakika kumi kila jioni: mtoto asome, baba asikilize. Hata asiyejua kusoma anaweza kuuliza, "Halafu ikawaje?" Aliye safarini apige simu aulize hivyo hivyo.

Akina mama mnaolea peke yenu, hakuna neno la kuwalaumu hapa. Mjomba, babu au kaka mkubwa akija, tutampokea kama baba.

Siku ya kufungua shule, zimeni pikipiki. Ofisi yangu ni mlango wa kwanza kulia, na kiti cha mgeni kipo.

Wenu,
Mwalimu Mkuu